Mwisho Nilioutazama Peke Yangu

Atukuzwe Mungu, aliyeniamsha leo na macho yanayoona na mkono unaoweza kushika kalamu, na ambaye hakunichoka katika miaka yote niliyokaa kimya juu ya jambo hili. Namsifu kabla sijaanza kusimulia, kwa sababu uvumilivu wake ndio ulionifikisha mahali pa kusimulia.

Mapema mwaka huu, nikiwa nimetoka kwenye ibada ya katikati ya wiki, simu yangu ililia mara tatu mfululizo. Alikuwa Tabita, ambaye tulipanga nyumba moja pale Tunduma tulipokuwa vijana, na ambaye siku hizi ana duka lake la ushonaji Vwawa na mafundi wanne chini yake. "Mwinjilisti," aliandika, maana yeye na Yoramu, mwenzetu wa tatu wa siku zile, hawajawahi kuniita jina jingine, "Mama Barua anarudi." Chini ya maneno hayo kulikuwa na video fupi. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye baraza ya kanisa, wazee wenzangu wakiagana nyuma yangu, nikamwona msichana mwenye mkoba wa ngozi begani akipanda ngazi za mawe huku upepo ukimpiga. Nilimtambua kwa mwendo wake kabla sijaona uso. Gemu tuliyoicheza mwaka ule, tukaiacha karibu na mwisho wake, inatengenezwa upya, picha zikiwa safi na sauti mpya, na dunia nzima ya watu walioipenda inaisubiri. Tabita alimalizia hivi: "Safari hii tutauona mwisho. Wote watatu, kwa mara ya kwanza, sebuleni kwangu." Nilisoma maneno hayo, "kwa mara ya kwanza," nikahisi uso unapata moto. Tabita hajauona mwisho. Yoramu hajauona. Mimi niliuona, na kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwaambia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nauza madaftari na kalamu kwenye duka la mtu karibu na soko, na jioni nilisoma masomo ya uinjilisti kwa njia ya posta. Nilipanga chumba cha nyuma kwa Bibi Naomi, mjane aliyezaliwa Ivuna kwenye chumvi, ambaye mpaka uzee wake hakukubali chumvi ya pakiti mezani pake. Alikuwa na bakuli la udongo lenye chumvi ya kwao, ya kijivu, na kila aliyekula kwake alilazimika kuisifu. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, alikipanga Tabita. Kilikuwa chumba kizuri kwa macho yangu ya wakati ule: cherehani karibu na dirisha, vitenge vimekunjwa kwenye kabati lisilo na mlango, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita iliyobaki ukutani kwa ajili ya picha yake, na pembeni televisheni ndogo yenye kichogo kirefu. Juu ya kochi lenye shimo, ambalo tulilifunika kwa shuka, ndipo nilipopata elimu fulani ambayo masomo ya posta hayakunipa.

Mama Barua tulimjua kwanza kwenye kibanda cha video. Zilikuwa filamu tatu za zamani sana, za enzi za wazazi wetu, juu ya msichana aliyekabidhiwa barua aipeleke kwenye mji ulio nyuma ya jangwa na milima, na katika filamu zote tatu hakufika. Filamu ya tatu ilikwisha akiwa bado anatembea. Mwenye kibanda, aliyekuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, ndiye aliyempa jina hilo, na mtaa mzima ulilipokea. Watu walibishana kwenye vijiwe kuhusu kilichoandikwa ndani ya barua kana kwamba ilikuwa imepotelea posta ya Tunduma. Kisha akaja Yoramu, binamu wa jirani yetu, kutoka upande wa Zambia, amebeba begani mashine ya gemu iliyofungwa kwenye blanketi. Alikuwa na saa mkononi ambayo hakuwahi kuibadili, iko nyuma yetu kwa saa nzima, na kwa hiyo alikuwa akichelewa chakula kila siku na kila siku akijitetea kwamba kwao bado mapema. Katika CD zake ilikuwamo moja yenye picha ya mkoba wa ngozi. Alituambia kwamba kwenye gemu hii, tofauti na filamu, Mama Barua anafika, na barua inafunguliwa.

Tatizo lilikuwa moja. Mashine ya Yoramu haikuja na kile kikadi cha kuhifadhia mlipofika, na hatukukipata Tunduma wala Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ukizima, umeanza upya. Tulianza upya mara nyingi kiasi kwamba Tabita aliweza kulivuka jangwa lile huku akiongea na mteja kuhusu kola ya gauni. Tulikuwa tumegawana kazi bila kupanga. Tabita, mwenye mikono tulivu ya fundi, alishika pedi ya kuchezea kwenye madaraja na kingo za milima. Yoramu alipigana na majambazi. Mimi nilisoma Kiingereza na kukigeuza Kiswahili, na mahali palipokuwa na majibu ya kuchagua, mimi ndiye niliyechagua. Bibi Naomi alikaa mlangoni kwenye kigoda chake akimenya maharage. Mwanzoni alisema tunaharibu macho. Baada ya wiki mbili alikuwa akirudi kutoka shambani na kuuliza kabla ya salamu, "Binti yule amefika wapi?"

"Bado yuko kwenye pango, Bibi," Tabita alijibu siku moja.

"Tangu juzi? Amekula?"

"Hali, Bibi. Ni gemu."

"Ndiyo maana hafiki," alisema Bibi, akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na sahani ya viazi vitamu na kikombe cha chai kwa kila mmoja wetu, kana kwamba tukila sisi yule naye anapata nguvu. Nakumbuka Yoramu akipiga goti kuipokea sahani, kama walivyolelewa kwao, na Bibi akimwambia, "Wewe una adabu, shida yako ni hiyo saa." Nimekula kwenye meza nyingi tangu wakati ule, nyingine za maaskofu, lakini nikiulizwa ni wapi nilijifunza kukaa na watu bila haraka, nitasema ni pale, na viazi mapajani, tukimsubiri mtu asiyekuwapo afike mahali pasipokuwapo.

Mwishowe tuliamua kutoizima. Tulianza Jumanne asubuhi, kila mmoja akiingia kwa zamu kati ya kazi zake, na walipolala watu mashine ilibaki inanguruma taratibu, televisheni imezimwa. Jumatano jioni tulivuka daraja ambalo hatukuwahi kulivuka. Alhamisi asubuhi Mama Barua alisimama mbele ya lango la mji. Yoramu alipiga kelele mpaka mteja wa Tabita akatoka nje. Tulikubaliana tungoje Bibi aamke, maana siku hiyo alichelewa kidogo, ili aingie naye. Tabita alikwenda kumgongea. Aliporudi alisimama tu mlangoni, tukajua.

Wanaoishi kwetu wanajua kinachofuata. Nyumba yenye msiba haina muziki wala televisheni. Tabita alitandaza kitenge juu ya televisheni, akageuza na kalenda ikatazama ukuta. Yoramu alininong'oneza kwamba mashine haipigi muziki, haionyeshi kitu, haimkosei mtu, na kwamba Bibi mwenyewe angependa tumalize baada ya matanga. Nilikubali, tukaiacha ikiwaka. Siku mbili zile nilifanya yaliyonipasa, nilipanga mabenchi, nilibeba maji, niliongoza nyimbo. Ijumaa mchana, watu walipojiandaa kwenda makaburini, wazee walitafuta mtu wa kulinda nyumba, kwa sababu wezi wa mjini wanajua saa ya maziko. Huwa anachaguliwa mtu anayeaminika. Nilisema nitabaki. Mzee mmoja alinishika bega mbele ya watu akasema, "Kijana huyu anajinyima kumzika Bibi yake ili sisi tuzike kwa amani." Sikumsahihisha. Naandika wazi: sikubaki kwa sababu ya wezi.

Tabita, kabla ya kutoka, alichovya hita kwenye ndoo ya bati uani ili watu wakirudi wapate maji ya moto ya kunawa. "Yakichemka uichomoe, Mwinjilisti, usije ukasahau," alisema. Alikuwa amevimba macho. Walipopotea kwenye kona niliichomoa hita palepale, maji yakiwa bado baridi, ili nisipate la kukumbuka. Kisha niliingia chumba cha mbele nikainua kitenge. Sikuhitaji mikono ya Tabita wala ngumi za Yoramu. Kuanzia langoni hadi mwisho ilikuwa ni kutembea, kusoma na kuchagua majibu, kazi yangu tangu mwanzo. Nilipunguza sauti mpaka mwisho. Mama Barua alifika kwenye mlango aliotumwa, akabisha, barua ikafunguliwa, nikaisoma. Sitaandika hapa ilisema nini, na baadaye msomaji ataelewa kwa nini. Ilichukua dakika chache. Halafu yakaanza kupita majina ya waliotengeneza, mengi, na nikiwa nimekaa mbele ya majina hayo nilisikia kwa mbali watu makaburini wakiimba wimbo ambao mimi ndiye niliyekuwa nikiuanzisha siku zote mbili. Hakuna furaha niliyoipata. Nilikuwa kama mtu aliyekula chakula cha wengine jikoni, amesimama, bila kukaa.

Majina yalipokwisha gemu ilirudi mwanzo kabisa. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa wangekuta lango halipo. Nilizima mashine, nikarudisha kitenge, na waliporudi nilimwambia Yoramu kwa sauti ya chini kwamba umeme ulikatika kidogo ukarudi. Nilidhani uongo huo haumgusi mtu. Lakini Yoramu alikwenda kwenye mashine ya kusaga pale kona, iliyokuwa ikisaga unga wa waombolezaji mchana kutwa, na msagaji alimwambia umeme haukuyumba hata kidogo. Alirudi ametulia vibaya. Aliona ndoo, akaiona hita pembeni, akasema, "Basi ni fyuzi ya humu ndani. Nani amechomeka hita kwenye nyumba yenye waya kama hizi?"

"Ni mimi," alisema Tabita. "Kwa ajili ya maji ya watu."

"Siku tatu, Tabita. Siku tatu na mwezi mzima."

"Sikujua, Yoramu."

Nilikuwa nimesimama kati yao, na sinia la vikombe mkononi. Ningeweza kusema. Nilikwenda kugawa chai. Wiki iliyofuata Yoramu alirudi kwao na mashine yake, kaka yake aliitaka, na aliniaga mimi akapita mlango wa Tabita bila kuugonga. Kabla ya siku ile hawakuwahi kupitisha siku bila kutaniana, na wako waliofikiri kwamba wataoana. Hawakuongea miaka sita, mpaka alipokuja Tunduma kwenye harusi ya ndugu yake, na wakati huo Tabita alikwisha kuolewa na mwalimu wa Mbozi, mtu mwema, Mungu amweke. Walipatana kwa kicheko, na hita ikageuka mzaha wao. Kila tukikutana Yoramu lazima aitaje. Mimi nilicheka pamoja nao. Nimehubiri mara kadhaa juu ya ulimi, nimewapatanisha wanandoa, nimekuwa mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu, na kicheko hicho nimekuwa nikikicheka tu.

Baada ya ujumbe wa Tabita, binti yake Neema alituingiza kwenye kundi la mtandaoni la wanaoisubiri gemu hiyo. Sikujua kwamba tuko wengi hivyo. Wapo watu wa nchi ambazo siwezi kutamka miji yake, wanahesabu siku, wanabishana kama rangi ya mkoba ni ileile, wanaonyesha CD zao za zamani zilizokwaruzika. Mwanamume mmoja aliandika kwamba alicheza na baba yake hadi kwenye daraja, baba akafariki, hakuwahi kuendelea, na sasa atavuka. Chini yake mamia ya watu walikuwa wamemtia moyo. Wana kanuni moja kali mno: aliyeuona mwisho zamani asiuseme. Anayeusema hufukuzwa. Nilisoma kanuni hiyo nikiwa kitandani na mke wangu aliuliza kwa nini nahema.

Tulikutana Vwawa mwezi uliofuata ili tupange siku yetu. Yoramu alikuja kutoka Kitwe, huko Zambia, akiwa na mvi na chikanda iliyofungwa kwenye karatasi, kile chakula cha mizizi cha kwao ambacho Tabita anakipenda kuliko keki. Tabita alipika wali wa Kamsamba na kuku wa kienyeji, akatumiminia kahawa ya shambani kwao.

"Mwinjilisti umenenepa," Yoramu alisema. "Hizo sadaka zinafika kweli huko juu?"

"Mwache," alisema Tabita. "Wewe mwenyewe umebaki saa tu. Au bado iko nyuma?"

"Kwetu bado mapema, ba Tabita," alijibu, kwa lile "ba" la heshima la kwao.

Tulicheka. Neema alituonyesha televisheni mpya, pana kama meza, na mahali itakapokaa mashine. Yoramu aliitazama swichi ya ukutani, akainua kidole. "Lakini siku hiyo, mama, hita ifungiwe kabatini." Tabita alicheka naye, ila niliona mkono wake ukisimama kwenye sukari, kitambo kidogo tu, kabla haujaendelea. Sijui nilikuwa nikiangalia wapi miaka yote nisione mkono huo ukisimama.

Niliweka kikombe chini. Nikasema haikuwa hita. Nikawasimulia yote kama nilivyoyaandika hapa, kitenge, lango, majina, wimbo uliotoka makaburini. Nilisema nimewaomba radhi mbele za Mungu mara nyingi, na mbele yao sijawaomba hata mara moja. Neema alichukua sahani zisizohitaji kuondolewa, akatoka nazo.

Tabita aliuliza, "Hita uliichomoa saa ngapi?"

"Mlipofika kwenye kona."

"Hata maji hayakupata moto?"

"Yalikuwa baridi."

Alikaa akitazama mikono yake. "Mimi mpaka leo nachemsha maji kwa mkaa," alisema. "Mume wangu alininunulia birika la umeme, liko kwenye boksi lake. Watoto wananicheka. Nilikuwa nasema ni bili." Kisha alimgeukia Yoramu, si mimi. "Miaka sita, ba Yoramu. Ulipita mlangoni kwangu nikakusikia viatu."

Yoramu alisimama. Ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, lakini alipiga goti pale kwenye zulia kama alivyokuwa akipokea sahani ya viazi, akapiga makofi taratibu, akasema kwa lugha ya kwao, "Njeleleniko, mukwai." Tabita, aliyekulia mpakani, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria kwamba anaombwa msamaha. Alimshika bega amwinue, na walibaki hivyo kidogo, Yoramu hajasimama wima na Tabita hajaketi. Nilitazama dirishani.

"Wewe," Tabita aliniambia baadaye, akimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba, "sijakusamehe bado. Usifanye uso huo. Nitakusamehe, mimi ni Mkristo kama wewe. Lakini ulitufanya tungoje, sasa na wewe ngoja. Siku hiyo utakuja, utakaa mbele, utatusomea Kiingereza kama zamani, na hutaonyesha hata kwa nyusi kwamba unajua. Gemu ikiisha, nikiisha kuisoma barua ile mwenyewe, ndipo nitakwambia neno langu."

"Na akicheka kabla yetu?" Yoramu aliuliza.

"Tunamtoa nje akalinde nyumba."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika hesabu ya wanaosubiri. Mamilioni huko duniani wanangoja kumwona msichana akibisha hodi mlangoni. Mimi mlango ule naujua. Ninachongoja ni neno la mama mmoja wa Vwawa, na sijawahi kungoja jambo kwa shukrani kiasi hiki, kwa maana kwa mara ya kwanza nangoja nikiwa sina kitu nyuma ya mgongo. Neema anasema nisome kwa sauti peke yangu nifanye mazoezi ya uso. Nimefanya. Mke wangu anasema sifaulu.

Juzi watengenezaji walitangaza kwamba kazi haijakamilika na tarehe imesogezwa mbele tena. Kundi zima lililia. Watu walituma picha za mioyo iliyovunjika, na Yoramu alituma sauti ya dakika mbili akilalamika kwa lugha tatu. Jioni, simu iliwaka mezani karibu na Biblia yangu, ni Tabita, na ujumbe ulikuwa wa maneno mawili.

"Mwinjilisti, vumilia."

Nawe unayesoma, Bwana akupe watu wa kukungoja na watu wa kuwangoja. Kama kuna neno unalodaiwa kulisema, akupe siku ya kulisema yule anayelistahili akiwa bado hai mbele yako, na kahawa mezani. Akulinde uingiapo na utokapo, wewe na nyumba yako. Amina.